Kwa Nini Moto wa Mwili Hutoka kwa Mama

Msishangae mkisikia kwamba watu wa mwanzo hawakuwa na joto lao wenyewe. Waliishi kama mijusi. Jua likichomoza walijianika juu ya mawe mpaka viungo vilegee, ndipo walime, ndipo wacheke. Jua likifichwa na ukungu, walilala wamekakamaa, wakingoja.

Miongoni mwao alikuwamo Kajuni, mpiga mbio asiye na kifani katika nyanda zile za juu, na mkewe Sekela, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Mwaka huo ukungu ulishuka ukakataa kuondoka. Watu wakaanza kufa. Asubuhi moja Sekela akashika tumbo, akasema kwa sauti ndogo, "Mume wangu, mtoto hachezi."

Kajuni alikuwa amesikia kwamba ng'ambo ya bonde ipo chemchemi ya maji ya moto, na ndani yake wanaishi viumbe wadogo kuliko vumbi, wanaogeuza chakula kuwa moto. Waliitwa Vijimoto. Akajikokota mpaka huko, akapiga magoti, akawaomba waje kukaa ndani ya miili ya watu.

"Tutakuja," akajibu mkubwa wao. "Mtulishe, nasi tutawapa joto na nguvu. Lakini sisi ni wageni wenye mila zetu. Tutazaana wenyewe kwa wenyewe, na mila hizo hatutazichanganya na zenu."

Kajuni akakubali, akanywa. Joto likampanda mpaka ncha za vidole. Hapo akatoka mbio ambazo hakuna aliyewahi kuzikimbia, akashuka bonde na kupanda mlima bila kutua. Kumbe kila hatua ilikuwa ikiwala Vijimoto. Alipofika na kumpulizia mkewe kinywani, hakikutoka kitu ila pumzi ya baridi.

Akalia. "Nimewamaliza, Sekela. Nimewamaliza kwa kukimbia."

"Basi nitakwenda mwenyewe."

"Na tumbo hilo? Utafia njiani!"

"Nikikaa, huyu atafia humu ndani. Niinue."

Alimwinua. Safari hii hawakukimbia. Walikwenda wameshikana, wakianguka na kuinuka, Kajuni akimkinga upepo kwa mgongo wake. Walipofika wote wawili wakanywa, kisha Sekela akaketi, akatulia tuli, akiwaacha Vijimoto wazaane ndani yake bila haraka. Kajuni alilitazama lile tumbo asithubutu kuligusa. Mwishowe Sekela akauchukua mkono wake akauweka pale. Mtoto akapiga teke.

Alizaliwa wa kike, mwenye pua ya Kajuni na miguu yake mirefu. Lakini Kajuni alipompakata na kusikia joto lake, alijua halikutoka kwake, bali kwa wale waliozaana ndani ya Sekela. Furaha yake ikaingia uchungu. Akarudi chemchemini kuuliza, "Mbona wangu hawakumfikia mwanangu?"

"Wako waliishia kukufikisha kwa mkeo," akajibu mkubwa wa Vijimoto. "Usingefika, Sekela angejuaje kwamba tupo? Usiwadharau."

Kajuni akaaga. Alirudi nyumbani polepole, akamchukua binti yake, akamlaza kifuani.

Na tangu siku hiyo mtoto hurithi sura na mwendo kwa baba na mama pia, lakini Vijimoto huwapata kwa mama peke yake. Mwana wa kiume huishi kwa joto lao maisha yake yote, asiweze kuwarithisha wanawe. Binti ndiye huwapeleka mbele, kwa mwanawe na kwa mjukuu aliyezaliwa na binti yake. Wataalamu wa leo huwaita mitokondria, nao wameona kwamba wana vinasaba vyao wenyewe, mbali na vile vya mwili uliowapa makao. Ahadi ya chemchemini haijavunjwa.

Ndiyo maana mtu mzima, mwenye mvi zake, akishikwa na baridi kali au uchungu wa ghafla, kabla hajajua anasema nini huita, "Mama yangu!"