Mtani Alipomwita Mtani Wake Gaidi

Neno barazani ni kahawa, kituoni ni pingu.

Mliisikia jana kwa yule mama aliyepita na ndoo kichwani. Aliwatupia akaenda zake, nanyi mkabaki mnatazamana, simu mkononi. Mlikuwa mkibishana habari za Israeli na Wapalestina, huyu akimwita mwenzake fashisti, yule akimrudishia gaidi, na hakuna kati yenu aliyefika hata Segera, hapo njia panda. Sasa mnataka kujua methali hii imetoka wapi. Haya, sogezeni viti, na mwenye kubisha angoje mwisho. Methali hii ilianza hivi.

Kwasemtindi, pale mkonge unapoishia na mahindi yanapoanzia, alikaa Mihayo Kasanda. Alikuwa Mnyamwezi ambaye baba yake aliletwa na kazi ya mkonge, akasahau njia ya kurudi Tabora. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mwinjuma Sekiboko, Mzigua, seremala wa vitanda na majeneza. Akikupima kwa macho hujui anakupimia kipi. Mnyamwezi na Mzigua ni watani, hilo hata mbuzi wa kule wanalijua. Mtani atakuita mchawi, mwizi, maiti inayotembea, nawe huna ruhusa ya kununa. Na ipo sheria iliyo juu ya zote: mtani hamsifu mtani wake mbele ya mgeni. Akimsifu, watu huuliza ni yupi kati yao anayeumwa.

Wazee hao waliishi hivyo miaka na miaka, mpaka Sekiboko aliponunua redio. Redio yenyewe ilikuwa na sauti kubwa, ikifunguliwa mitetea ya mtaa mzima husitisha kutaga. Jioni iliwekwa kwenye baraza la kahawa, na vita vya kule Israeli vikaja kukaa Kwasemtindi. Mihayo, mzee wa kanisa, alisimama na Israeli kama alivyoisoma katika Biblia yake, bila kumwacha nje hata Daudi mmoja. Sekiboko alisimama na Wapalestina, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Kwamba watu walikuwa wakifa huko, wa huku na wa kule, hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa juu ya majina.

Na majina yale ni matamu mdomoni, jamani. Walowezi. Kukaliwa kimabavu. Haki ya kujilinda. Ubaguzi wa rangi. Mihayo aliyaonja kwanza kwa hofu, halafu akayazoea kama ugoro. Kabla ya mwezi kwisha majina yalikuwa yameshavuka ukuta na kuingia uani. Mboga za maboga za Sekiboko zilipotambaa upande wa pili, Mihayo alitangaza kwamba zimekuja kilowezi. Sekiboko alipokuta kiti chake barazani kina mtu, alisema kimekaliwa kimabavu. Mihayo alipompiga teke jogoo wa jirani, alidai haki ya kujilinda. Watu walicheka hadi kahawa ikawatoka puani.

Kisha mbwa wa Mihayo, aliyeitwa Jemedari, aliruka ukuta akala vifaranga vyote vya mtetea mmoja. Sekiboko alisimama barazani, kanzu imepinda upande, akasema haya ni mauaji ya kimbari, maana mbari nzima imekwisha, hakubaki hata wa kurithi jina. Akamtangaza Mihayo kuwa mhalifu wa kivita. Safari hii Mihayo hakucheka sana. Lile neno lilimkaa kooni, akawa analizungukia akitafuta jingine la uzito huohuo la kulipiza.

Alilipata. Mwaka huo Sekiboko alikuwa anajiandaa kwenda Hija, jambo alilolingoja tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ihramu yake, zile shuka nyeupe za Hija, ilikuwa tayari imekunjwa sandukuni. Asubuhi moja alikuja mgeni, shati limechomekewa, viatu vimeng'aa kupita hali ya barabara. Alimkuta Mihayo peke yake barazani, akamsalimia shikamoo vizuri kabisa, akauliza kama anamfahamu mzee Sekiboko anayetaka kusafiri nje, na ni mtu wa namna gani.

Mihayo aliona mlango umefunguliwa wenyewe.

“Yule?” alisema. “Yule ni gaidi, mwanangu. Gaidi wa kimataifa. Hayo majeneza unadhani anamtengenezea nani?”

Mgeni hakucheka. Alimshukuru, akaondoka. Mihayo alibaki na ile raha ya mtani aliyepiga mahali pake, lakini raha ilianza kumwasha kabla kikombe hakijapoa. Mbona yule mtu hakucheka?

Siku ya pili alfajiri gari la polisi lilisimama mlangoni kwa Sekiboko, likamchukua na kobazi za kuogea miguuni. Mihayo aliisikia habari hiyo barazani, na chapati ikamgeuka karatasi mdomoni. Akainuka. Akakaa. Akainuka tena, akaenda hadi kwenye ukuta, akaziona mboga za maboga zikitambaa bila mtu wa kuzitukana, akarudi. Aliwaambia watu ni kosa tu la kiofisi, halafu akajiuliza mbona anasema haraka hivyo. Mahujaji wa wilaya walikuwa waondoke wiki hiyohiyo. Alianza kwenda nyumbani kubadilisha shati, lakini katikati ya njia miguu ilikata shauri yenyewe ikaelekea kituoni.

Mkuu wa kituo alikuwa mwanamke wa Kinyakyusa, Afande Anyisile, mtu wa maneno machache.

“Wewe ndiye Mihayo Kasanda?”

“Ndiye, afande.”

“Kaa. Nilikuwa natuma mtu akufuate. Tulimwuliza mwenzako nani anaweza kumtolea ushahidi, akasema tumwulize jirani yake, yule mhalifu wa kivita, mwenye damu ya mauaji ya kimbari mikononi.”

Mihayo alisogea ukingoni mwa benchi.

“Afande, ni vifaranga.”

“Vifaranga gani?”

“Vya Sekiboko. Mbwa wangu alivila.”

“Mbari nzima!” ilisema sauti kutoka chumba cha nyuma.

Askari mmoja aliinama kufunga kamba za viatu ili asionekane uso. Afande Anyisile hakutabasamu. Alisema alipata kulinda amani ugenini, katika nchi ambayo hakuitaja, na huko aliliona neno hilo la kimbari likifukuliwa kwa koleo.

“Tulihesabu viatu, mzee, kwa sababu watu walikuwa hawahesabiki. Wenye majoho hukaa mahakamani miaka wakilipima neno hilo, kama limetimia au halijatimia. Ninyi mmelipimia kuku.”

Mihayo alitazama mikono yake.

“Na hilo lako ulilompa mpelelezi wetu, gaidi. Kwenu ni tusi. Hapa ni kosa, lina kifungu chake. Nikishalipokea siwezi kulirudisha kwa kucheka.”

“Ulikuwa utani, afande. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzigua.”

“Nami nina watani wangu. Wananiita fisi mchana kweupe. Mwite mwenzako fisi nitacheka nawe. Fisi hana kifungu.” Alimwashiria askari, na Sekiboko akaletwa, kobazi zikilalamika sakafuni. “Sasa nieleze mbele yake, bila utani. Huyu mzee ni nani?”

Hapo ndipo Mihayo alipopatikana. Maneno ya redio yalimjia yote, yakajipanga mlangoni mwa mdomo, na hakuna hata moja lililofaa. Alikohoa. Akavua kofia, akaivaa, akaivua. Alimwangalia Sekiboko, na Sekiboko akatikisa kichwa kidogo kama anayesema usithubutu.

“Ni mtu mwema,” alisema Mihayo, na neno lilitoka kama mwiba wa samaki. “Mke wangu alipofariki mvua ilikuwa inanyesha, kaburi linajaa maji. Watu walikimbilia chini ya mabati. Huyu alibaki ndani ya shimo akiyachota maji kwa sufuria, huku anamtukana marehemu kwamba hata kufa ameshindwa kungoja kiangazi. Nilicheka siku ile, afande. Nisingecheka, mngenizika naye.”

Sekiboko aligeukia dirisha.

“Mwambieni arudi kuniita gaidi,” alisema. “Hii inauma zaidi.”

Walitoka pamoja kabla ya adhuhuri. Lakini neno lilikuwa limeshatangulia. Lilikuwa limepanda wilayani, likapanda mkoani, na kila lilikofika lilitaka mtu wa kulitolea maelezo. Mihayo alilifuata ofisi kwa ofisi, akirudia habari ya kaburi na sufuria mpaka makarani wakaijua kwa moyo. Lilipokuja kufutwa, mahujaji walikuwa wameondoka. Sekiboko alifungua sanduku, akaitoa ihramu, akaianika isije ikaliwa na nondo. Mihayo alimwona akiianika kutoka upande wake wa ukuta, akaondoka akajifanya anamtafuta Jemedari, na Jemedari alikuwa amelala miguuni pake.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Msidhani waliacha kubishana habari za Israeli. Vita vilikuwapo, redio ilikuwapo, na Sekiboko alilia kwa walio wake, na Mihayo akaombea walio wake, na siku nyingine, hili wanalisimulia kwa kunong'ona, kila mmoja aliwaombea wa mwenzake. Lakini mmoja akifumbua mdomo na neno la majoho, mwingine alimwuliza, “Kifungu gani?” Mara nyingi neno lilirudi ndani, na yakaja mengine madogo: mtoto, nyumba, maji, woga. Ubishi wa maneno hayo madogo ulikuwa mgumu kuliko ule wa zamani, na hakuna aliyecheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

Mwaka wa pili Sekiboko alipata ruhusa. Mihayo ndiye aliyembebea sanduku hadi stendi. Baraza zima lilikwenda kumsindikiza, na mtetea mmoja, wasema waongo. Walipokuwa wanaagana, kijana mmoja aliyechomekea shati alimgusa Mihayo begani.

“Mzee, unamfahamu huyu anayesafiri?”

Sekiboko, mguu mmoja tayari ndani ya basi, aligeuka akiwa na uso wa mtu anayeona mwaka mwingine ukiondoka bila yeye. Mihayo aliweka sanduku chini polepole.

“Kwanza niambie, mwanangu,” alisema. “Unauliza kwa kahawa au kwa pingu?”

Kijana alishangaa. Alikuwa kondakta tu, alitaka kumjua mwenye sanduku lililoziba mlango.

“Kama ni kahawa,” alisema Mihayo, “huyu ni fisi aliyeishiwa meno, mfungie nyuma pamoja na mizigo. Na kama ni pingu, ni ndugu yangu.”

Basi likaondoka na kicheko chake. Tangu siku hiyo, Kwasemtindi, mtu akifumbua mdomo kumpa mwenzake jina asiloweza kulibeba, wenye baraza humwuliza kama Mihayo alivyouliza stendi. Neno barazani ni kahawa, kituoni ni pingu.