Nani Amtoe Nje Mtoto wa Riziki?

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, zamani ya juzi tu, kompyuta zilipokuwa zimeshajaa hospitalini ila zenyewe hazijuani hata kwa salamu, palikuwa na mwanamke aitwaye Riziki. Tulieni nisimulie. Na wewe mwenye simu, iweke chini, maana mwishoni nitauliza swali na usije ukaniambia hukusikia.

Riziki kwao ni Kwamsala, akaolewa mjini na dereva wa malori, Shebughe. Mtoto wake wa kwanza alimzaa hospitali kubwa ya mjini, kwa bima ya mumewe. Mtoto wa kike, mashavu tele. Mama yake, Bi Mwanamvua, alishafika na gari la kukodi kumchukua binti yake akakae uzazi nyumbani. Na kwa watu wa Kwamsala, kukaa uzazi ni kukaa kweli. Siku arobaini mama na mwana wako ndani, mgeni haingii, na mtoto hana jina. Siku ya arobaini mtu mmoja humbeba mtoto, humvusha kizingiti, humwonyesha jua, na papo hapo humpa jina. Huyo ndiye mzazi wake wa pili mpaka kufa, hata harusi ya mtoto haipangwi bila yeye. Kwa hiyo heshima hiyo haitolewi ovyo.

Basi gari liko nje linapiga honi, akaja muuguzi, jina lake Tabia.

"Mama, kabla hamjaondoka, naomba tone la damu kisiginoni kwa mtoto."

Bi Mwanamvua akaja juu. "Damu ya nini? Mtoto wa jana huyu, unataka kumtoboa? Anaumwa?"

"Haumwi, mama."

"Sasa kama haumwi?"

"Ndiyo nataka nijue kabla hajaumwa. Wachanga wote tunawapima."

"Wapime hao wengine! Huyu twende zetu."

Honi, piii! Muuguzi mwingine angesema haya, nendeni salama. Tabia akapiga magoti palepale sakafuni. "Mama yangu, nichukie, nitukane, lakini nipe kisigino." Riziki akacheka, akasema, "Mama, mwache apime." Tone likachukuliwa, mtoto akaguna kidogo, wakaondoka. Kwenye kompyuta ya hospitali akaandikwa: Mtoto wa Riziki Shebughe. Angeandikwa jina gani jingine, na mwenyewe hana?

Huko Kwamsala mtoto akawa gumzo. Analala, halii. Jirani akipita dirishani anasema, "Jamani, mtoto mpole huyu! Wa kwangu alinikondesha." Bi Mwanamvua anajivuna. Kumbe upole ule ndio ugonjwa wenyewe.

Majibu yakatoka maabara: tezi ya shingoni ya mtoto huyu haifanyi kazi. Mtoto wa hivyo ukimtazama huoni kasoro. Lakini asipopata dawa mapema, mwili unadumaa na akili inabaki nyuma, na ikishabaki nyuma hairudi. Akiipata mapema, kidonge kinasagwa kwenye kijiko kila siku, basi, anakua na wenzake, anasoma na wenzake, anagombana na wenzake. Kidonge tu! Lakini apelekewe wapi?

Simu iliyoandikwa hospitalini ilikuwa ya Shebughe, na Shebughe yuko barabarani na mzigo wa Kongo, hapatikani. Nyumba ya mjini imefungwa kufuli. Hospitali inajua ugonjwa, haijui mtoto aliko.

Na Kwamsala je? Kwamsala alikuwepo Mwajabu, mhudumu wa afya wa kijiji, yule anayepita nyumba kwa nyumba na kishikwambi cha zahanati. Alishapita kwa Bi Mwanamvua, akaishia barazani, akatajiwa dirishani tarehe za mama na mwana na uzito, akaandika: Mtoto wa Riziki Mbwana, maana kijijini Riziki anajulikana kwa jina la baba yake. Zahanati inajua mtoto aliko, haijui ugonjwa. Mnauona mkosi huo? Mashine mbili, moja ina habari na nyingine ina anwani, na hazisemezani!

Aliyepewa kazi ya kuzisemezesha alikuwa Kibwana, fundi wa kompyuta, mtu mkimya. Alishazifundisha zisitazame jina peke yake, zitazame na tarehe ya kuzaliwa mama, siku aliyozaliwa mtoto, na uzito wake. Kila kitu tayari. Kilichobaki ni sahihi za wakubwa wawili. Mkubwa wa hospitali anasema, "Siri za wagonjwa wangu haziendi popote." Mkubwa wa zahanati anasema, "Kwanza watie sahihi wao." Na msiwacheke sana, siri ya mgonjwa ni siri kweli. Nani hapa anapenda ugonjwa wa mwanawe uingie kwenye kila kishikwambi?

Tabia akamwendea Kibwana. "Kaka yangu, nina mtoto anapotea hivi hivi namwona. Wakubwa wako semina, simu hawapokei. Nisaidie."

"Nimekatazwa, dada. Nikiifungua njia hiyo, kazi sina."

"Najua."

Kibwana akaigeukia mashine. Akafungua, kwa mtoto huyo mmoja tu. Mashine ikatafuta, ikasema: huenda ni huyu, yuko Kwamsala. Wakubwa waliporudi, Kibwana akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo.

Kishikwambi kikamlilia Mwajabu yuko shambani anapalilia mihogo. Jembe akalitupa, mbio, matope hadi magotini.

"Hodi!"

"Hodi ya nani? Humu mna mzazi."

"Shikamoo, bibi. Ni mimi Mwajabu."

"Marahaba. Rudi baada ya arobaini."

"Bibi, mtoto anaumwa."

"Yupi huyo? Huyu halii hata kidogo!"

"Ndiyo hiyo bibi, ndiyo hiyo! Kisiginoni hakuchomwa sindano mjini?"

Komeo likapigwa kwa ndani, kwaa! Mwajabu akaketi nje ya kizingiti. "Siingii, bibi," akasema, "lakini na kuondoka siondoki." Mvua ikamnyea. Watu wakapita wakimcheka, mwenzetu umefukuzwa kwako? Kila Bi Mwanamvua akichungulia, Mwajabu yupo, kalowa chapachapa, neno lake ni lile lile: "Bibi, mtoto."

Ndani, Bi Mwanamvua akamfunua mjukuu wake. Akamfinya. Mtoto akafumbua macho, akayafumba. Hakulia. Hapo bibi aliogopa, jamani. Na alijua vizuri, akimtoa kabla ya arobaini Kwamsala nzima itasema ameiharibu bahati ya mtoto, na likitokea lolote miaka yote ijayo, ataambiwa yeye. Akamwamsha Riziki. Akajifunga khanga, akamfunika mtoto kwa nyingine, akavuta komeo, akavuka kizingiti.

"Twende," akasema. "Na mvua hii hii, twende."

Mtoto akapata kidonge chake mapema. Na sasa analia! Analia mpaka jirani yule yule anafunga dirisha, na Bi Mwanamvua kila akimsikia anacheka. Wakubwa nao wakakaa, wakatia sahihi, Kibwana akarudishwa kazini, na tangu hapo majibu ya wachanga yanapita njia ile, mama akiulizwa kwanza na akikubali.

Siku ya arobaini ikafika. Pilau inanukia, uwanja umejaa. Riziki kasimama ndani ya mlango na mwanawe. Nani ambebe?

Tabia akasogea. "Nipe mimi. Bila tone lile, nani angejua? Nilipiga magoti sakafuni kwa ajili ya mtoto ambaye si wangu."

"Ulipiga magoti," akasema Kibwana, "lakini ukaandika simu moja, tena ya mtu wa safari. Majibu yako yangelala mjini mpaka leo. Nipe mimi, dada Riziki. Bila njia yangu hakuna lililofika, na njia ile ilinigharimu kazi."

Riziki akamtazama. "Kaka, nakushukuru. Lakini siri ya mwanangu uliipitisha bila kuniuliza."

"Ningekuuliza wapi? Ningejua uliko, ningekuwa na haja gani ya kukutafuta?"

Mwajabu akacheka. "Habari ilifika kwenye kishikwambi, haikubisha hodi yenyewe. Mashine ilisema huenda. Aliyekaa mvuani mpaka huenda ikawa ndiyo ni mimi. Nipe mimi."

Bi Mwanamvua akawasukuma wote. "Mnagombea nini? Mtoto huyu nilishamtoa! Jua halikuwepo, lakini kizingiti ni hiki hiki."

"Bibi! Si wewe uliyenifungia mlango?"

"Nilikufungia, na nikaufungua. Wewe ulilowa, ukakauka. Mimi mpaka leo kisimani wananisema. Hakuna aliyenishika mkono, nilivuka mwenyewe."

Uwanja ukagawanyika. Wengine muuguzi, wengine fundi, wengine Mwajabu, na wazee wa kike wote kwa Bi Mwanamvua, hata wale waliokuwa wakimsema kisimani. Riziki akawatazama mmoja mmoja, machozi yanamtoka na huku anatabasamu, maana amwache yupi? Mikono yote imenyooshwa, na mtoto analia kwa sauti yake yote, anataka kutoka, anataka jina.

Haya, nilisema nitauliza. Wewe uliyeweka simu chini, simama, usitazame pembeni. Mtoto ni mmoja na jua limeshafika mlangoni. Je, Riziki amkabidhi nani?