Mgeni Aliyeukimbilia Mji

Mtu mmoja alikuwa na miguu mizuri, wala hakuwa na kingine. Aliitwa Mihayo, na kwao kulikuwa Unyamwezi. Tangu ujana wake alibeba mizigo ya misafara kutoka bara mpaka pwani, hata Wadachi walipojenga reli na gari moshi likachukua mizigo yote. Msafara wake wa mwisho ulivunjika katika mji mdogo chini ya milima ya Upare. Wenzake wakatawanyika. Yeye na mkewe Kalunde wakabaki pale, katika banda nyuma ya soko la ng'ombe.

Kila mwaka mji ule ulishindana mbio na mji wa jirani, kutoka stesheni ya jirani mpaka stesheni yake, mwendo wa asubuhi nzima. Na kila mwaka ulishindwa. Siku moja Jumbe Senkondo alimwona Mihayo akipanda mlima na gunia begani, wala hahemi. Akamwita akamwagiza akimbie kwa niaba ya mji. Wazee walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Huyu akapewa njia.

Akakimbia, akashinda. Watu wakambeba juu juu wakiimba, "Mihayo wetu! Mihayo wetu!" Akamwomba jumbe kipande cha ardhi, ajenge na kupanda muhogo. Jumbe akasema, "Subiri kwanza mbio za mwakani zipite." Mwakani akashinda tena, akaomba tena, akajibiwa vile vile. Ikawa hivyo miaka minane. Kalunde alizaa mara mbili katika banda lile lililovuja, na mara mbili homa ya masika ikamchukua mtoto. Mihayo hakulalamika. Alidamka alfajiri akafanya mazoezi, maana alijisemea moyoni, labda sijakimbia vya kutosha.

Banda lao lilipakana na shamba la mjane mmoja mzee aliyeitwa Nakijwa. Macho yake yalikuwa hafifu, na alikuwa ameacha kutoka kwenda kwenye mikusanyiko. Mfereji ulipokauka Mihayo alimchotea maji, naye akampa ndizi. Hawakuwa na maneno mengi. Mihayo hakuwahi kumwomba neno, kwa kuwa maombi yake yote aliyapeleka kwa waliomshangilia.

Mwaka wa tisa goti lake la kulia lilivimba. Akakimbia hivyo hivyo. Darajani akapitwa na kijana mmoja wa mji wa pili, kisha na mwingine, kisha na wa tatu. Akaingia stesheni akitembea, akichechemea. Hakuna aliyemzomea. Watu walikuwa wameshaanza kurudi makwao. Jumbe alipita karibu yake akimwambia mwenzake, bila hata kupunguza sauti, "Hawa watu wa bara hawadumu. Tutafute mwingine."

Mihayo aliona haya kwenda kumtazama mkewe. Akaketi ukingoni mwa shamba la Nakijwa, mguu ameunyoosha. Mjane akasikia mtu anahema, akaja na kata ya maji, akampa anywe.

"Bibi," akasema Mihayo, "leo nimeshindwa."

"Umeshindwa nini, mwanangu?"

"Mbio."

"Kumbe huwa unakimbia?" akasema yule mjane. "Mimi nilijua tu kwamba umechoka."

Mihayo akalia, mtu mzima yule, na katika kulia akamweleza yote: ardhi, na miaka, na wale watoto wawili. Mjane akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika mkono amsaidie kusimama, akaenda naye chini ya migomba, akapima kwa nyayo zake hatua arobaini upande huu na thelathini upande ule, akamwambia ajenge. Alijenga taratibu, kwa sababu ya lile goti. Kalunde alikanda udongo. Masika yalipofika yaliwakuta ndani. Mihayo hakukimbia tena, na mjini hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Ndugu zangu, mji mzima ulilijua jina lake, ukaliimba. Mjane hakuwahi kumwona akishinda hata mara moja. Basi nawauliza: mgeni aliye kati yenu leo, siku atakapokuwa hana tena cha kuwashindia, ni nani kwenu atakayempa maji?