Kiti cha Chuma Kando ya Uwanja

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma alikuwa na timu ya watoto ya mpira wa kikapu. Jina lake Ambakisye, na uwanja wao ulikuwa kipande cha saruji nyuma ya soko, katika mji mmoja wa baridi huko nyanda za juu. Ringi za magoli alizichomelea mwenyewe. Vyuma vilivyobaki akavitengenezea kiti, akakiweka kando ya mstari ili apate pa kukaa watoto wakicheza.

Ambakisye hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana nawasimulia habari zake. Wale wanaotukana watoto mnawajua, hamnihitaji mimi. Huyu aliapa tangu mwanzo kwamba kwenye uwanja wake mtoto hatatukanwa wala kuchekwa. Aliyekosa aliambiwa, "Hamna shida, mwanangu, jaribu tena." Aliyepata alipigiwa makofi. Wazazi walimsifu kwa upole wake, naye akaziamini sifa hizo.

Lakini moyo wake haukutulia. Aliwapenda wale watoto kiasi kwamba kila mpira uliopotea ulimchoma yeye kwanza. Mtoto akikosea, Ambakisye alisimama ghafla, na kiti kikakwaruza saruji kwa sauti kali ya kutia meno ganzi. Baada ya hapo ndipo yale maneno mazuri yalipotoka mdomoni. Kiti yeye hakukisikia. Akili yake yote ilikuwa kwenye mpira.

Timu ikaanza kupungua. Ugomvi haukuwapo. Mmoja alisema tumbo linamsumbua, mwingine goti, mwingine akaacha kuja bila kuaga. Wakabaki watano, idadi ile ile inayotakiwa uwanjani, na wa akiba hakuna. Hata hao waliobaki walicheza kwa woga. Subilaga, binti aliyejua kurusha kuliko wote, alikuwa akiupokea mpira na kumpa mwenzake papo hapo, kana kwamba ni kaa la moto. Baba yake aliona, akaja kwa Ambakisye akamwambia waziwazi: mechi ya Jumamosi wakifungwa tena, Subilaga ataacha, na jioni zake zitakwenda kwenye tuisheni. Akiondoka yeye, timu imekwisha. Ambakisye alilijua hilo, na wiki nzima aliharibu mageti ya wateja aliyokuwa akiyachomelea, kwa mawazo.

Jumamosi ikafika. Mchezo ulipokaribia mwisho walikuwa nyuma kwa goli moja tu. Mpira ulipita mkono kwa mkono, na hakuna aliyerusha. Subilaga alibaki peke yake karibu na goli, hana wa kumzuia, akautoa kwa mwenzake. Kiti kikalia. Ambakisye akaomba mapumziko mafupi, akawakusanya watoto, akapiga magoti mbele ya binti yule, akamwambia kwa sauti ya upole iliyokuwa ikitetemeka kwamba arushe tu, akikosa si neno.

"Samahani, mwalimu," alisema Subilaga, macho yake chini. "Mdomo wako unasema turushe, lakini kiti chako kinalia hata kabla mpira haujafika juu."

Ambakisye akageuka, akakitazama kiti. Miguu yake ilikuwa imechora mistari miwili myeupe kwenye saruji, mirefu, iliyochimbika. Aliona aibu kubwa. Alitaka kujitetea kwamba hajawahi kumkemea mtoto hata mmoja, na ingekuwa kweli. Badala yake alikiinua kiti, akampa baba yake Subilaga, aliyekuwa amesimama na wazazi wengine nyuma yake, naye akakikalia; kisha Ambakisye akakaa chini kwenye saruji ya baridi na kuikalia mikono yake.

Mchezo ukaendelea. Mpira ukamfikia Subilaga, akarusha. Uligonga ringi ukatoka nje. Mwili wote wa Ambakisye ulitaka kuruka, lakini akabaki chini. Wakati huo huo, nyuma yake, kiti kikakwaruza saruji. Baba alikuwa amesimama. Kwa mara ya kwanza Ambakisye aliisikia sauti ile, ikampita mgongoni kama maji ya baridi, naye akaelewa wale watoto walioacha walikuwa wakiumwa nini.

Subilaga naye aliisikia. Akageuka kutazama, kama walivyozoea wote. Akamwona mwalimu wake yuko chini, hajainuka. Basi akaukimbilia mpira alioukosa mwenyewe, jambo ambalo watoto wa timu ile walikuwa wameshaacha kulifanya, akaupata, akarusha tena. Ukakosa tena, na filimbi ikapulizwa. Walifungwa.

Ambakisye alibaki pale pale, hawezi kuwatazama wazazi usoni. Subilaga akaja na mpira kwapani, jasho linamtiririka, akamuuliza mbele ya baba yake kama mazoezi ya Jumatatu yatakuwa saa ile ile. Ambakisye akamwachia baba, kwa kuwa jibu halikuwa lake. Baba alimtazama binti yake, kisha akakitazama kile kiti. Akakishika kwa mikono miwili, akakinyanyua juu kisiguse saruji, akaenda kukiweka nje ya uzio, kisiwepo Jumatatu.

Ninyi mnaonisikiliza mmekaa kwenye viti. Mtoto wako akikosea leo jioni, kabla hujamwambia hamna shida, atakuwa ameshasikia nini?