Mfalme Aliyetembea Nyuma

Paukwa!

Pakawa!

Aliyekaa karibu na mlango?

Amesogea!

Na asogee kweli, maana ya leo si ya sungura. Anayeogopa aseme sasa hivi aende kwa mama yake, asije akanikatiza katikati.

Basi hapo kale palikuwa na nchi iitwayo Ungwari. Watu wa Ungwari hawakuwa na askari wala jela, na mavazi yao hayakuwa kama haya yetu. Kila mwaka mtu aliongezewa ukanda mmoja wa kitambaa kwenye pindo la kanzu yake. Kanzu ya mtoto ilimfika magotini. Ya mtu mzima ilimfunika miguu. Ya mzee iliburura chini, yeye yuko ndani anakunywa uji na pindo liko uani linakanyagwa na kuku.

Na mfalme wao alitembea nyuma. Mwezi ulipoandama, nchi nzima ilitoka alasiri kwenda kuutazama upande wa machweo. Mwenye kanzu ndefu kuliko wote alitangulia. Aliyemfuata alishika pindo lake, na wa nyuma yake akashika la huyo, vivyo hivyo mpaka mtoto wa mwisho. Pindo la mtoto wa mwisho alilishika mfalme mwenyewe. Mwenye shida aliisema, maneno yakapita mdomo kwa mdomo mpaka nyuma, na hukumu ya mfalme ikapita mdomo kwa mdomo mpaka mbele. Neno lililotoka nyuma halikukataliwa wala kupunguzwa. Ukiambiwa, unalipeleka kama lilivyo.

Mnauliza kwa nini nyuma? Wazee wao wa kwanza walitaka mtawala ale vumbi la watu wake, awaone wote, asimwache mtu njiani. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini waliongeza sheria, kwamba mtu asigeuke kumtazama, wasije wakaanza kujipendekeza kwake. Aliyegeuka alifukuzwa. Miaka ikapita, watu wakasahau vumbi, wakabaki na sheria.

Siku moja mfalme, ambaye alikuwa ameshazeeka, alichelewa kidogo penye kichaka. Zimwi likatoka. Likamtafuna akaisha, likavaa joho lake.

Watu walisikia kishindo. Walisikia mfupa ukivunjika. Wakaambiana kwamba mfalme amejikwaa, wakaendelea kutembea. Kisha wimbo ukasikika nyuma yao:

*Nipo nyuma yenu,*
*mko mbele yangu,*
*atakayegeuka*
*si mtu wangu.*

Sauti ilikuwa nzito kuliko ya mfalme. Wakasema mfalme ana mafua.

Watu gani hawa, wajukuu zangu? Mimi nikifika hapa hasira hunipanda.

Mwezi ulipoandama tena, wa mwisho mstarini alikuwa Saumu, mjukuu wa Mzee Shomvi. Shomvi huyo ndiye aliyekuwa na kanzu ndefu kuliko wote, ndiye aliyetangulia. Walipofika machweo, Saumu hayupo. Watu wakasema, "Mfalme amempenda, amemchukua akae naye."

Mwezi ulipoandama tena, akatoweka Rehani, binti wa mfinyanzi. Watu wakasema, "Mfalme amempenda, amemchukua akae naye."

Mwezi ulipoandama tena, akatoweka Kombo, mtoto wa msusi wa mikeka. Watu wakasema, "Mfalme amempenda, amemchukua akae naye." Mama yake Kombo akapongezwa, akaletewa asali. Asali ile hakuila, maana mlaji wa asali alikuwa Kombo.

Kwenda nyumbani kwa mfalme kuwatazama hao watoto hakuna aliyeweza, maana ungeingiaje bila kumwona uso?

Sasa, aliyekuwa mbele ya Kombo siku ile ni Mize. Mize alikuwa mtoto wa pekee wa mjane mmoja aitwaye Mwanajaha. Walipofika nyumbani Mize hakutaka kula. Mama yake akamuuliza ana nini.

"Mama, Kombo alikuwa ameshika nguo yangu. Mara akaiachia. Kisha nikasikia mtu anatafuna."

Mwanajaha akasimama na mwiko mkononi.

"Halafu mfalme akaishika yeye, Mama. Akainusa. Akasema, wewe mwezi ujao."

Mwanajaha alitoka mbio mpaka kwa Mzee Shomvi. Alimkuta amekaa peke yake, kanzu yake imezungushwa miguuni. Akamweleza yote. Shomvi akamsikiliza, kisha akasema ni mila. Mwanajaha akamsihi wabadili mpango wa mstari. Shomvi akasema ni mila. Mwanajaha akamuuliza, mjukuu wako Saumu umemwona tangu siku ile? Shomvi akageuzia uso ukutani, akasema ni mila. Ila safari hiyo alisema kwa sauti ndogo.

Basi Mwanajaha akarudi nyumbani. Siku ilipofika alichukua mkasi, akaishika kanzu yake, akaanza kukata. Katika Ungwari hakuna aliyewahi kufanya hivyo, kwa kuwa kukata kanzu ni kukata umri wako. Alikata ukanda wa mwaka aliofiwa na mume. Alikata ukanda wa mwaka aliomzaa Mize, na hapo alilia. Akakata mpaka kanzu ikamfika magotini kama ya mtoto. Akamshika Mize mkono, wakaenda kusimama mwisho kabisa wa mstari, Mize mbele, yeye nyuma. Hakuna aliyemwona, kwa sababu hakuna aliyegeuka.

Msafara ukaanza. Jua lilikuwa machoni mwao, vivuli vimelala nyuma. Mwanajaha akasikia hatua zikija. Akasikia harufu ya kitu kilichooza. Kisha pindo lake likashikwa, na kilicholishika kilikuwa na maji maji na kucha.

*Nipo nyuma yenu,*
*mko mbele yangu,*
*atakayegeuka*
*si mtu wangu.*

"Mbona leo mtoto ni mkubwa?" ikauliza ile sauti.

Mwanajaha akageuka.

Aliona joho la mfalme, na ndani ya joho aliona zimwi. Macho yake yalikuwa mekundu, na lilipoinamisha kichwa, kisogoni, chini ya nywele, palikuwa na mdomo wa pili unaotafuna taratibu. Lakini kilichomkata maini ni pindo la joho. Zimwi nalo lilikuwa limejifunza mila ya nchi. Kwa kila mtoto liliyemla, lilikuwa limejiongezea ukanda uliokatwa kwenye kanzu ya mtoto huyo.

"Umenitazama," zimwi likasema. "Basi wewe si wa watu hao tena, ni wangu. Piga kelele ukitaka. Nani atageuka?"

Ni kweli, hakuna ambaye angegeuka. Zimwi likamshika miguu likaanza kummeza, vidole, nyayo, vifundo. Mwanajaha hakupiga kelele. Alisema polepole, kama mtu anayepeleka shauri:

"Mize, neno linatoka nyuma. Lipeleke mbele. Sema hivi: pindo la mfalme lina kitambaa cheupe chenye maua ya buluu. Lina kitambaa cha kijani kilichotiwa kiraka begani. Lina kitambaa cha manjano chenye doa la asali."

Kisha akaiachia nguo ya mwanawe, asije akavutwa naye.

Mize akalipeleka neno. Wa mbele yake akalipeleka. Neno lilipita mdomo kwa mdomo, kama mila ilivyotaka. Lilimfikia mfinyanzi. Yeye ndiye aliyekitia kiraka kile kitambaa cha kijani kwa mkono wake, lakini akalipeleka. Lilimfikia mama yake Kombo. Doa lile alilijua, lakini akalipeleka. Huku nyuma zimwi lilikuwa limefika magotini, limefika mapajani, limefika kiunoni.

Neno likamfikia Mzee Shomvi. Maua ya buluu.

Mbele yake hapakuwa na mtu wa kumpelekea. Shomvi akasimama. Nchi nzima ikasimama nyuma yake. Kisha yule mzee, mwenye kanzu ndefu kuliko wote, akageuka.

Walipomwona uso wake, mfinyanzi akageuka. Mama yake Kombo akageuka. Wakageuka wote, na Mize akageuka akapiga ukelele nisiopenda kuuiga.

Sasa sikilizeni. Zimwi lile lilikuwa limenenepa kwa migongo ya watu. Kila jicho lililolitazama lilipunguza kitu. Lilimtapika Mwanajaha, likataka kukimbilia nyuma yao, lakini kila lilikokwenda kulikuwa na macho. Likapungua likawa kama mtu. Likapungua likawa kama mbwa. Likapungua mpaka joho likaanguka chini tupu, na chini ya joho hapakuwa na kitu.

Hamkuwa na watoto tumboni waliotoka wakicheka, kama mnavyopenda hadithi ziishe. Vilikuwepo vitambaa tu. Kila mzazi alikuja akafumua cha kwake.

Mzee Shomvi alikuja wa mwisho. Akakaa kwenye vumbi na kile cha maua ya buluu mapajani. Mwanajaha, ambaye miguu yake ilikuwa imeungua na mate ya zimwi, alikaa karibu naye.

"Saumu aliniita," Shomvi akasema. "Siku ile. Alisema, Babu, geuka. Nilimsikia vizuri sana."

Mwanajaha alimvuta Mize akampakata, ingawa alikuwa mkubwa wa kupakatwa.

Mimi niliyokuwa nayo ndiyo hiyo, na hadithi yangu imekomea kwenye vumbi lile. Mafunzo yake ni haya, wajukuu zangu: anayewatawala, mtazameni. Na mtoto akikuita kwa hofu, geuka kwanza, mila utaiuliza baadaye.