Kombeo la Nakunda

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mlima, mlimani chemchemi, chemchemini kiu. Haya, sogeeni. Na wewe unayesinzia huko nyuma, kaa wima.

Hapo kale palikuwa na mwanamke aitwaye Nakunda. Kwa kuwinga ndege hakuwa na mshindani. Mtama ulipokaribia kuiva alipanda dunguni, ule ulingo wa miti katikati ya shamba, akazungusha kombeo lake, vuu! Kwelea wakatawanyika.

Mwaka mmoja kwelea walizidi. Nakunda akapiga kelele, "Kila mwenye mabawa ni mwizi! Tukate wanapolala!" Wanakijiji wakashika mashoka, wakaikata mikuyu yote iliyoizunguka chemchemi. Wakavuna sana, wakacheza ngoma.

Mvua ikaja kwa kishindo, ikapita. Chemchemi ikapungua, ikawa tope, ikakauka. Watu wakafunga mizigo wakahama. Nakunda hakuweza kuhama. Mama yake alikuwa kipofu, miguu imemwisha nguvu, na ameshakata shauri.

"Sitoki hapa, mwanangu. Maji yarudi, au unizike."

Nakunda akalia kwa uchungu, maana alijua ile kelele ya kukata mikuyu ilikuwa yake. Kisha akafuta machozi, akajifunga kibwebwe.

Akaenda chemchemini. "Chemchemi, Chemchemi, nauliza nijibiwe! Mbona umekauka?"

"Sina changu mimi. Udongo hunywa mvua, hunipa kidogo kidogo. Kauulize."

"Udongo, Udongo, nauliza nijibiwe! Mbona hunywi mvua?"

"Nitainywaje, nami nimesombwa mpaka bondeni? Mizizi ilinishika, majani yalinifunika. Kamuulize Mkuyu."

"Mkuyu, Mkuyu, nauliza nijibiwe! Mbona huchipui?"

Kisiki kikatoa sauti kavu. "Mizizi yangu imekufa. Mbegu zangu hupandwa na yule ndege mwenye mdomo mkubwa, Hondohondo. Kamuulize."

Nakunda akamjazia mama mitungi ya maji ya mtoni, akatembea siku tatu, akamkuta Hondohondo kwenye msitu wa mbali. "Hondohondo, nauliza nijibiwe! Mbona hurudi?"

Ndege akalitazama kombeo. "Mimi nakula kuyu. Mtama wenu sijauonja hata siku moja. Nyumba yangu mmeiangusha, na pasipo mti sirudi."

Nakunda akaketi chini. Pasipo ndege hakuna mti. Pasipo mti udongo haukai. Pasipo udongo hakuna maji, na pasipo maji mti hauoti. Akashika kichwa.

"Sasa nianzie wapi?"

"Popote," akasema Hondohondo, "ila usiache katikati."

Nakunda akakata matawi mabichi ya mkuyu, akajitwika, akarudi kuyapanda chemchemini. Njiani akalifumua kombeo lake, kamba na ngozi akazisokota ziwe kata ya kubebea mtungi kichwani. Kila alfajiri aliteremka mtoni bondeni, akarudi jua la utosi. Nusu mtungi wa mama, nusu mtungi wa matawi. Jioni alipanga mawe kukinga mteremko, mvua isipite na udongo.

Mwaka wa kwanza mbuzi wa jirani wa ng'ambo ya mto wakala machipukizi. Akapanda tena. Mwaka wa pili mvua ikayasomba mawe. Akapanga tena. Mwaka wa tatu majani yakafunika ardhi, na asubuhi moja akasikia mabawa mazito juu yake. Hondohondo amekuja na mkewe! Wakala kuyu, wakanya, wakapanda mbegu ambapo Nakunda hakufika.

Miaka ikaenda. Nakunda akaota mvi, na mtungi hakuutua. Siku moja alikuwa anajitwika mtungi aende mtoni, mama yake akamshika nguo.

"Nakunda, nani anacheka huko nyuma ya nyumba?"

"Hakuna mtu, mama."

"Kuna mtu. Nipeleke."

Akambeba mgongoni mpaka kwenye mikuyu. Bibi kizee akapapasa majani, akapapasa udongo, mkono ukazama ndani ya maji. Akanywa. Akacheka. Nakunda akautua mtungi, akalia kwa sauti kubwa bila haya.

Wenzake waliohama waliporudi walimkuta yuko dunguni na kombeo jipya. Aliwapiga kwelea, vuu! Lakini akina Hondohondo walipopita, yeye aliwaambia, "Piteni, wazee."

Basi, wanangu, maji, udongo, mti na ndege wameshikana mikono. Ukimsukuma mmoja, wote wanaanguka, na wewe umo. Nawe ukitaka kuwainua, anza popote, usiache katikati.

Ngano yangu imefika chemchemini, imekunywa, imelala. Mimi msimuliaji bado nina kiu, na mtungi naona uko karibu na yule aliyekuwa anasinzia.