Pimbi na Mkia Uliouma Bila Kuwapo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba, wanapika na kusutana kama sisi, kulikuwa na kijiji juu kabisa mlimani, mahali ambapo hata jua likifika hujikunyata. Wanyama wa huko walilima viazi. Kila mwaka msimu wa baridi ulipokaribia walivichimba, wakakusanyika uwanjani, wakawasha moto mkubwa wa kijiji kizima, na moto huo haukuzimwa mpaka baridi ilipokwisha.

Kando ya moto kulikuwa na kigoda kimoja. Aliyeleta kiazi kikubwa kuliko vyote ndiye aliyekikalia msimu mzima, na hakuna aliyeruhusiwa kumsogeza. Wengine walijibanza nyuma yake, kila mtu na bahati yake.

Pimbi alikitamani kigoda kile kuliko chakula. Alikuwa mwoga wa baridi, anatetemeka hata akiwa anaota jua juu ya mwamba. Lakini viazi vyake vilikuwa vidogo mno. Mwaka uliopita kigoda kilichukuliwa na Mzee Nyati, mkuu wa kijiji, na Pimbi akaangukia nafasi ya nyuma yake. Joto la moto halikumfikia. Kilichomfikia ni moshi, pamoja na mambo mengine yatokayo nyuma ya nyati, ambayo sitayataja mbele ya watoto wenye adabu.

"Mwaka huu sikubali!" Pimbi alimwambia mkewe, Sekela. "Haki ya nani, nitakalia kigoda!"

"Kwa viazi vipi?" Sekela aliuliza, huku anachochea uji. "Hivi vyetu vya kumezea dawa?"

Pimbi alikaa juu ya mwamba wake akafikiri. Akajikuna sikio. Akafikiri tena. Mara akaruka juu, twaa!

"Siwezi kuvikuza viazi vyangu vishinde vyao," alijiambia. "Lakini vyao naweza kuvidumaza!"

Akacheka kwi kwi kwi, akajipigia makofi mwenyewe. Siku hiyo alijiona ana akili ya kugawia kijiji kizima na nyingine ikabaki.

Asubuhi alichukua baragumu la kijiji. Puuuu! Puuuu! Wanyama wakaja mbio, Mzee Nyati mbele, na nyuma yake Ngiri, jirani yake Pimbi, mdomo umejaa uji.

"Kuna nini? Moto? Nzige?" Nyati alihema.

"Sakitu, mzee wangu!" Pimbi alilia. "Ile baridi inayoganda juu ya majani ikawa nyeupe kama unga! Mwaka huu inakuja mapema. Tusipochimba viazi sasa hivi, vyote vitaganda ardhini!"

"Aka!" alisema Ngiri. "Sakitu haiji kabla ya mvua za mwisho. Wewe umejuaje?"

Hapo Pimbi alikwama kidogo. Alikuwa amepanga uongo wote, ila amesahau kuupangia ushahidi. Akasema la kwanza lililomjia mdomoni.

"Mkia unaniuma."

Wanyama wakazunguka kumtazama nyuma.

"Lakini Pimbi," Ngiri alisema polepole, "wewe huna mkia."

"Ndiyo maana!" Pimbi aliruka. "Mkia ulio nao ukiuma, ni jambo la kawaida. Lakini usio nao ukianza kuuma, ndugu yangu, hiyo ni hatari!"

Nyati akakunja uso, akafikiri kwa bidii, mpaka pua ikatoa jasho. Kisha akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Hilo nalo neno," alisema. "Chukueni majembe!"

Sasa, kijiji hicho kilikuwa na desturi moja. Kazi ya shamba ilifanywa kwa ujima, wote kwa pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Na aliyepiga baragumu, shamba lake lilichimbwa la mwisho, ili mtu asiitishe watu kwa faida yake. Pimbi aliijua desturi hiyo vizuri, na aliipenda mno. Shamba la mwisho ndilo alilolitaka!

Wakachimba kwa Nyati. Kwatu! Kwatu! Wakachimba kwa Ngiri. Viazi vilitoka vichanga, ngozi laini inachubuka kwa kidole. Ngiri akakishika chake kikubwa, ambacho hakikuzidi yai, akatokwa na machozi.

"Vumilia, jirani," Pimbi alimpapasa begani. "Afadhali kiazi kidogo kuliko msiba mkubwa." Halafu akaenda nyuma ya kichaka, akacheka mpaka akapaliwa.

Hatimaye wakafika kwake. Nyati akainua jembe. Pimbi akasimama mbele yake, mikono imetanuka.

"Hapana, mzee wangu! Mmechoka. Nendeni mkapumzike. Kashamba kangu nitakachimba mwenyewe na mke wangu."

"Una moyo mwema sana, Pimbi," alisema Nyati, sauti imemlegea.

"Ndivyo nilivyozaliwa," alisema Pimbi.

Walipoondoka, alitandika mkeka juu ya mwamba, akalala chali, tumbo juani. Mpango ulikuwa kuviacha viazi vyake vinenepe ardhini taratibu, mwezi mzima, huku vya wenzake vinasinyaa ghalani. Aliota ndoto kwamba yuko juu ya kigoda, na Nyati yuko nyuma yake anapigwa na moshi.

Alasiri Sekela alimtikisa. "Baba Chekele! Amka! Upepo umegeuka, unatoka kusini. Vyura wamenyamaza. Mbayuwayu hata mmoja simwoni. Na mbingu ni tupu, haina wingu. Twende tukachimbe."

"Tukachimbe nini?"

"Si umesema sakitu inakuja?"

Pimbi alicheka, jicho moja limefumba. "Ah, mke wangu! Ile ni hadithi niliyowatungia wale wakubwa. Hakuna sakitu."

"Pua yangu imeganda."

"Pua yako inawaamini watu upesi," alisema Pimbi. "Usinitishe kwa uongo wangu mwenyewe." Akajifunika mkeka, akakoroma.

Sekela akamtazama. Akatazama mbingu. Akachukua jembe na kikapu, akaenda zake.

Alfajiri Pimbi aliamka kwa sababu masharubu yake yalikuwa yamegandana na mkeka. Akayabandua, ai ai ai! Akachungulia nje ya mkeka. Mlima wote ulikuwa mweupe. Majani meupe, mawe meupe, hata kinyesi cha Nyati njiani kilikuwa cheupe na kinang'aa. Alipokanyaga nyasi zililia kwaruu, kwaruu.

Alikimbia shambani. Majani ya viazi yalikuwa yamelala, meusi. Akafukua kwa kucha. Udongo ulikuwa mgumu kama chungu. Kiazi cha kwanza kilitoka kimeganda kama jiwe, akakipulizia pumzi ya moto, kikayeyuka mkononi kikawa maji. Cha pili vilevile. Akaketi katikati ya tuta.

"Nimewadanganya wote," alinong'ona, "na mpumbavu pekee ambaye hakuamini ni mimi."

Alihesabu midomo ya nyumbani kwake, akahesabu urefu wa msimu wa baridi.

Kumbe huko kijijini ni shangwe! Viazi vya watu wote vilikuwa salama ghalani, vidogo lakini vizima. Wanyama wakaja wanaimba, wakambeba Pimbi juu juu mpaka uwanjani penye moto.

"Huyu ndiye aliyetuokoa!" Nyati alinguruma. "Wanangu wangekufa njaa! Mwaka huu sikubali mwingine akalie kigoda. Pimbi, leta kiazi chako, kiwe cha namna yoyote, ukitie jivuni kama desturi, ukae!"

Kigoda kilikuwa pale pale, hatua moja tu, kimepata joto. Lakini kiazi cha kutia jivuni hakikuwapo.

"Aa... mzee wangu," Pimbi alisema, "viazi... mimi sili viazi."

"Huli?"

"Anayetabiri kwa mkia hali viazi. Mkia unaharibika."

Alitegemea wambembeleze. Angekataa kidogo, kisha angekubali. Lakini hakumjua vizuri Ngiri.

"Jamani, mmesikia?" Ngiri alipiga kelele. "Asipewe hata kimoja! Mkia huo ni mali ya kijiji! Tuulinde!"

"Tuulinde!" wakaitikia wote.

Viazi vya moto vikaanza kupita, vinanukia, juu ya kichwa cha Pimbi. Kila aliyepita alimwinamia kwa heshima na kumnyima.

"Na watoto wake?" Ngiri aliuliza tena, kwa uchungu wa kweli. "Nao hawana mikia! Wasipewe pia, huenda nao wana kipaji!"

Watoto wa Pimbi wakasikia. Wakaangua kilio, weee!

Hapo Pimbi akashindwa. Uongo wa kumnyima yeye chakula angeweza kuuvumilia, lakini si wa kuwanyima wanawe. Akaruka juu ya kigoda, si kukaa bali kusimama, ili aonekane.

"Wapeni watoto!" alilia. "Wapeni! Hakuna mkia! Mkia hauumi, haujawahi kuuma, haupo! Nilidanganya ili mchimbe viazi vichanga, vyangu vikue, nikalie hiki kigoda! Wajinga wengine hudanganywa na watu, mimi nimejidanganya peke yangu, bila msaada wa mtu! Mke wangu aliniambia upepo umegeuka, nikamwambia pua yake inawaamini watu upesi! Kijiji kizima nimekiokoa, aliyebaki nje ni mimi niliyepiga baragumu!"

Moto ukalia pwaa. Nyati akamtazama, akapiga kwato chini mara moja, na Pimbi akafumba macho kusubiri pembe.

Ndipo Nyati akaanza kucheka. Alicheka hoho hoho mpaka jivu likaruka. Ngiri akacheka akagaagaa. Pimbi akafumbua jicho moja, na akajisikia akicheka pia, machozi yanamtoka, kwa sababu kwa kweli hakuwahi kumwona mjinga mzuri kama yeye mwenyewe.

Sekela akasogea na kikapu, akafunua kitambaa. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe," alisema. "Matuta mawili niliyawahi jana wakati unakoroma. Na watoto wameshiba tangu asubuhi, wanalilia ukoko wa viazi vya moto tu."

Akatoa kiazi. Kwa kuwa kilikuwa kimekaa ardhini siku chache zaidi ya vya wengine, kilivizidi vyote. Si kwa mengi, kwa upana wa ukucha. Lakini kilivizidi.

Basi Sekela akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu, akaagiza chai.

Na Pimbi? Alipewa kazi ya kuchanja kuni msimu mzima, na nafasi ya kukaa ikawa ile ile, nyuma ya Nyati. Wapita njia walimuuliza, "Mkia unasemaje leo, bwana mkubwa?" Naye alijibu kwa unyenyekevu, pua ameibana kwa vidole, "Unasema muulizeni mke wangu."

Hapo ndipo moto wangu unapozimika, wanangu, na kilichobaki jivuni ni hiki: mwongo ana taabu moja, ukweli ukimjia mlangoni, yeye ndiye wa mwisho kuufungulia.